Dizeli inaisha haraka: soma kompyuta ya gari pamoja na pampu kabla ya kufungua injini

Mwenye gari la dizeli Nairobi akilalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, fundi wa kwanza atamwambia asafishe injekta (vinyunyizi vya dizeli), wa pili atamwambia atoe DPF (chujio la masizi la ekzosi), wa tatu atataka kushusha tanki. Huenda mmoja wao yuko sahihi. Lakini mpaka hapo hakuna aliyeuliza gari lilikuwa likienda kilomita ngapi kwa lita, sasa linaenda ngapi, na namba hizo zimetoka wapi. Bila majibu hayo unanunua spea kwa kubahatisha, na spea za dizeli si za kubahatisha.

Una vipimo viwili, na havipimi kitu kimoja. Kompyuta ya safari, ile inayoandika wastani kwenye deshibodi, haina mita ya mafuta ndani yake. Kinachotokea ni kwamba ECU, yaani kompyuta ya injini, inajua imeiamuru kila injekta ifunguke kwa muda gani na presha ya reli, bomba linalozigawia injekta dizeli, ilikuwa kiasi gani. Kutoka kwenye jedwali lililowekwa kiwandani inakadiria dizeli iliyopita, inajumlisha, kisha umbali uliohesabiwa na sensa za magurudumu au za giaboksi unaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kompyuta ya safari inakueleza kilichoamriwa. Pampu ya kituoni inakueleza kilichotoka tankini, kiwe kimechomwa, kimevuja au kimenyonywa na mtu usiku.

Ndiyo maana tofauti kati ya vipimo hivi ina thamani kuliko kila kimoja peke yake:

Vyote viwili vikishuka pamoja, yaani kilomita kwa lita zikipungua kotekote, injini kweli inaamuru mafuta zaidi. Tafuta kinacholifanya gari liwe zito au injini iwe baridi: jamu, breki zinazoshika, thamostati, hewa ya turbo inayovuja, DPF inayojisafisha mara kwa mara.

Pampu ikishuka na kompyuta ikibaki palepale, mafuta yanaondoka bila kuamriwa. Tafuta uvujaji, injekta inayopitisha kuliko inavyotakiwa, wizi, au pampu yenyewe.

Kompyuta ikishuka na pampu ikibaki palepale, ugonjwa uko kwenye hesabu au kwenye injekta zilizoziba, zinazoamriwa mengi na kutoa machache.

Kupima kwa pampu, bila njia ya mkato

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu Nairobi mafuta hununuliwa kwa shilingi. "Weka ya elfu mbili," halafu mshale unatazamwa hadi Ijumaa. Kwa njia hiyo huwezi kujua lolote. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nayo huanza kutumika usiku huo hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Elfu mbili ya mwezi huu si lita zilezile za mwezi uliopita. Mshale nao si mita ya lita. Umbo la tanki halilingani juu na chini, kwa hiyo katika magari mengi nusu ya kwanza huonekana kudumu kuliko nusu ya pili hata injini ikiwa nzima kabisa.

Fanya hivi. Chagua kituo kimoja, pampu moja, na uegeshe ukielekea upande uleule mahali palipo sawa. Mwambie mhudumu ajaze kwa kasi ya chini, kwa sababu dizeli hutoa povu, na nozo ikienda kasi povu huifanya ikate kabla tanki halijajaa. Epuka pampu zenye nozo kubwa za malori. Nozo ikikata mara ya kwanza, basi, iishie hapo. Asiongeze ili hesabu ifike shilingi nzima. Andika kilomita na lita, pamoja na wastani uliosomwa na kompyuta tangu ulipojaza mara ya mwisho, kisha uirudishe kompyuta kwenye sifuri. Kama haijawahi kurudishwa kwenye sifuri kwa kilomita 10,000, tanki moja jipya haliwezi kuusogeza wastani huo, na utadhani gari halijabadilika.

Fanya hivyo kwa matanki matatu, kisha jumlisha yote pamoja. Chukua mfano wa kilomita 652 kwa lita 48.3, halafu 598 kwa 46.9, halafu 671 kwa 47.6. Ukigawa moja moja unapata 13.5, 12.8 na 14.1, na mtu anaweza kutoka mbio kwenda gereji kwa sababu ya lile la pili. Jumla yake ni kilomita 1,921 kwa lita 142.8, yaani 13.45 kwa lita. Hiyo ndiyo namba ya kushika. Nozo ikikata lita mbili mapema au mbili baadaye, kwenye tanki moja la lita 48 umekosea asilimia 4. Kwenye matanki matatu kosa linapungua hadi asilimia 1.4.

Kama gari lilitoka Uingereza, hakikisha unajua kompyuta inasema lugha gani. Maili kwa galoni ya Uingereza gawanya kwa 2.825 upate kilomita kwa lita. 40 yao ni 14.2 zetu. Galoni ya Marekani ni ndogo, hivyo mgawanyo wake ni 2.352. Na inapoandika lita kwa kilomita 100, gawanya 100 kwa namba hiyo: 7.4 ni sawa na 13.5 kwa lita.

Usilipime gari kwa safari moja ya Mombasa

Katikati ya jiji la Nairobi ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko baharini. Gari la kilo 1,900 likishuka kimo hicho linarudishiwa nguvu ya kama megajuli 32. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, lakini injini hugeuza kama theluthi tu kuwa mwendo, kwa hiyo kimo hicho peke yake kina thamani ya takriban lita mbili na nusu. Chukua kilomita 480 kwa gari ambalo kwenye tambarare lingetumia lita 30, yaani 16 kwa lita. Kushuka linaweza kusoma 17.5, na kurudi 14.8 au chini, pasipo kitu chochote kuharibika. Anayeenda pwani akafurahi, akarudi akalalamika kwamba dizeli ya Mombasa ni mbaya, ameilaumu dizeli kwa kosa la mlima. Pima kwenda na kurudi pamoja. Nakuru na Naivasha ni vivyo hivyo, maana barabara hupanda hadi Limuru kabla ya kuteremka bondeni.

Na ukiteremka Mai Mahiu, acha gari kwenye gia. Injini ya dizeli ya kisasa ikisukumwa na magurudumu mguu ukiwa umeondoka kwenye eksileta, ECU hufunga injekta kabisa. Kompyuta huandika 99.9 au vistari. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuunguruma kwa mafuta yake yenyewe, na breki zinabeba gari lote peke yake kwenye mteremko ambao umekwisha kuua watu. Hakuna lita unayookoa hapo.

"Kompyuta inasema 14.6, pampu inasema 13.5"

Tofauti ya asilimia 8, na kompyuta ndiyo inayojisifu. Kama imekuwa hivyo tangu ulipolinunua, mara nyingi si ugonjwa. Magari mengi huzidisha kwa asilimia 3 hadi 10, na katika baadhi yake mafuta yanayomwagwa kuchoma masizi ya DPF hayaingii vizuri kwenye hesabu ya deshibodi. Ishike tofauti yako kama namba ya kudumu ya gari lako. Kinachotakiwa kukuamsha ni tofauti hiyo inapokua, kwa mfano kutoka asilimia 6 hadi 14 ndani ya miezi michache.

Kabla ya kulaumu upande wa mafuta, hakikisha kilomita ni za kweli. Washa ramani ya simu irekodi safari ndefu, mathalani Pangani hadi Thika ambako ni karibu kilomita 40, kisha linganisha na odomita. Usilinganishe na mshale wa spidi. Huo kwa kanuni hauruhusiwi kusoma chini ya kasi halisi, kwa hiyo viwanda huuweka juu kidogo makusudi. Odomita huwa karibu zaidi na ukweli.

Sababu kubwa ya odomita kudanganya ni tairi. Prado iliyotoka na 265/65R17 ina tairi la kipenyo cha milimita 776; ukifunga 265/70R17 linakuwa milimita 803. Kila mzunguko sasa ni mrefu kwa asilimia 3.4 na odomita haijui, kwa hiyo ukienda kilomita 100 inaandika 96.7. Mwenye gari anaona matumizi yamepanda kwa asilimia 3 kwenye karatasi, ilhali hayo ni hesabu tu. Kwa CX-5, kubadilisha kutoka 225/65R17 kwenda 225/55R19 ni tofauti ya asilimia 0.8, isiyostahili kukusumbua. Tairi lililokwisha nyayo nalo hufanya kinyume, odomita ikazidisha kwa asilimia moja na ushei.

"Pampu imeshuka, kompyuta bado inafurahi"

Anza na yasiyo na gharama. Asubuhi kabla ya kuwasha, tazama chini ya gari na kando ya chujio la dizeli, kisha kwenye mipira midogo ya ritani, inayorudisha dizeli iliyobaki tankini, juu ya injekta. Dizeli haikauki haraka kama petroli. Huacha doa lenye mafuta linaloshika vumbi. Pitisha kitambaa cheupe. Harufu ya dizeli ndani ya gari wakati hita au feni inafanya kazi ni dalili ya kuaminika kuliko doa.

Kama gari lina dereva au hulala nje, fikiria pia wizi. Hili ndilo tatizo ambalo kompyuta ya safari hulifichua vizuri kuliko kitu kingine: mafuta yaliyonyonywa hayakuwahi kuamriwa na ECU, kwa hiyo wastani wa deshibodi haubadiliki hata kidogo huku lita za kujazia zikipanda ghafla. Jaza jioni hadi nozo ikate, andika kilomita, na asubuhi jaza tena palepale. Zikiingia lita sita gari likiwa limelala, umepata jibu.

Kisha pampu na dizeli yenyewe. Hakikisha kioo kinaanza kwenye sifuri kila mara. Ukiwa na shaka, omba ipimwe kwa ndoo rasmi ya lita 20, na malalamiko ya kipimo yapeleke kwa maofisa wa vipimo na mizani. Kuhusu kuchanganywa kwa mafuta ya taa, tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo maalumu ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Mafuta ya taa ni mepesi, lita yake ina nguvu pungufu, na hayalainishi pampu ya presha kubwa. Dalili yake ni gari kukosa nguvu na injini kugonga kwa sauti kali mara tu baada ya kujaza mahali papya. Weka risiti. Rudi kwenye kituo chako cha kawaida kwa matanki mawili. Namba zikirudi, umejua.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uje kwenye injekta. Injekta iliyolika hupitisha dizeli zaidi ya ilivyoamriwa. Dereva anaona gari linavuta kwa kuguswa kidogo, anapunguza mguu, ECU inaandika amri ndogo, kompyuta inasifu. Pampu ndiyo inayosema kweli. Utaona moshi mweusi kidogo wakati wa kuondoka, na ukipitisha kidole ndani ya sailensa kinatoka na masizi. Kwa skana, kifaa cha kusoma ECU, fungua marekebisho ya kila silinda injini ikiwa ya moto na imetulia: kwenye injini nzima namba zote hukaa karibu na sifuri, silinda moja ikiwa imejitenga na wenzake, anza nayo.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wengi hukisoma vibaya. Hufunga vichupa kwenye ritani za injekta, huacha injini ikiunguruma dakika mbili, na inayojaza kichupa maradufu ya wenzake hutupwa. Ni kweli kwamba injekta hiyo imechoka. Lakini dizeli ya ritani inarudi tankini, haikupotea. Ritani kubwa hushusha presha ya reli, gari likawa gumu kuwaka asubuhi na kukosa nguvu, ila peke yake haielezi lita tano zilizopotea kwa wiki. Usikubali kubadilishiwa injekta nne kwa sababu ya matumizi kwa ushahidi wa vichupa pekee.

Ukibadilisha hata moja, mambo mawili hayana mjadala. Pete (washa) za kopa ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Ikibaki ya zamani gesi hupenya na kuacha lami nyeusi kuzunguka injekta. Na kila injekta ina mlolongo wa herufi na namba juu yake, ambao ni kipimo chake cha kiwandani. Lazima uandikwe ndani ya ECU kwa skana. Kwenye Kirinyaga Road utapata injekta iliyotumika yenye hali nzuri, lakini ikifungwa bila kuandikwa namba zake, ECU inaiamuru kwa tabia ya ile iliyotolewa. Hapo gari hutetemeka, na kompyuta ya safari inakosea tangu siku hiyo.

"Zote mbili zimeshuka, hakuna taa iliyowaka"

Kwanza kabisa, jamu. Injini ya dizeli ya lita 2.0 hadi 2.2 ikisimama inaunguruma hutumia kati ya lita 0.6 na 1 kwa saa, zaidi kidogo AC ikiwa imewashwa. Chukua safari ya kilomita 30 kutoka Kitengela hadi mjini. Mwendo wenyewe kwa kilomita 14 kwa lita unahitaji lita 2.14. Ongeza dakika 50 za kusimama kwa lita 0.8 kwa saa, nazo ni lita 0.67. Jumla 2.81, na wastani umeanguka hadi 10.7. Gari ni lilelile, fundi hana kazi hapo. Kama umebadilisha saa ya kutoka nyumbani, au barabara yako imefungwa kwa ujenzi, jibu linaweza kuwa hilo. Kwenye magari mengi kasi ya wastani huonyeshwa kando ya matumizi. Iandike pia kila unapojaza. Kasi ya wastani ikiwa imeshuka kutoka 28 hadi 19 pamoja na matumizi, umefika mwisho wa uchunguzi.

Kasi ya wastani ikiwa haijabadilika, endelea.

Thamostati iliyokwama wazi ni mwizi mnyamavu, hasa Juni hadi Agosti. Injini haifiki joto lake, ECU inaendelea kuipa mafuta ya injini baridi, na DPF haipati nafasi ya kujisafisha. Usiamini mshale wa joto. Katika magari mengi umetengenezwa usimame katikati ilhali joto halisi linapanda na kushuka sana. Chomeka skana ndogo ya Bluetooth, endesha dakika 15 hadi 20 na usome joto la maji. Injini nyingi hizi zinapaswa kukaa kati ya 82 na 92. Ikisoma 68 kwenye Southern Bypass na kupanda tu ukisimama, nunua thamostati kabla ya kitu kingine chochote. Na isiwe ya kutolewa kabisa, ile tabia ya "gari la Nairobi halihitaji thamostati". Linahitaji.

Breki inayoshika: baada ya kilomita 10 za mwendo wenye breki chache, simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Moja ikiwa na joto la waziwazi kuliko mwenzake wa upande wa pili, inua gurudumu hilo ulizungushe kwa mkono. Mara nyingi ni pini za kalipa zilizokauka grisi, au kebo ya handbreki.

Upepo wa tairi pima asubuhi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango. Kariya ya juu isiyotumika ishushwe. Kasi nayo: upinzani wa hewa kwenye 110 ni karibu mara 1.9 ya ule wa 80.

Hewa ya turbo: Nairobi shinikizo la hewa ni kama asilimia 18 chini ya lile la baharini, kwa hiyo turbo tayari inafanya kazi ya ziada, na mpira wa intakula uliopasuka kidogo huumiza huku kuliko Mombasa. Dalili ni mlio wa upepo ukikanyaga, moshi mweusi na mafuta kwenye maungio ya mipira. Kuna jaribio la bure la sensa: fungua swichi bila kuwasha injini, kisha usome sensa ya presha ya manifoldi, njia ya hewa inayoingia injini. Nairobi inapaswa kusoma takriban 81 hadi 84 kPa, sawa na ya hewa ya nje. Ikisoma 100, sensa inadhani iko pwani, na ECU inachanganya mafuta kwa hewa ambayo haipo.

Chujio la hewa tazama, pigapiga, badilisha. Chujio la dizeli lililoziba huleta ukosefu wa nguvu zaidi kuliko ulaji.

"Oili inaongezeka badala ya kupungua"

Hii ndiyo dalili ya kutopuuzwa hata siku moja. Simamisha gari mahali tambarare injini ikiwa ya moto, subiri dakika 10, chomoa kijiti, pangusa, kirudishe, chomoa tena. Oili ikiwa juu ya alama ya F (imejaa), inuse. Harufu ya dizeli, na oili inayoteleza kama maji kati ya vidole, zina maana moja: dizeli inaingia kwenye oili. Mazda walichora alama ya X juu ya F kwenye vijiti vya injini zao za Skyactiv-D kwa ajili ya jambo hili. Ikifika X, badilisha oili sasa, si wikendi. Oili iliyochanganyika hula beringi za turbo, na ikijaa kupita kiasi injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kukataa kuzimika kwa swichi.

Chanzo chake kwa kawaida ni DPF, lile chujio la masizi ndani ya ekzosi. Likijaa, ECU humwaga dizeli ya ziada silinda ikiwa tayari imekwisha kuwaka, ili iende kuungua huko mbele na kupandisha joto hadi karibu nyuzi 600. Sehemu ya dizeli hiyo hushika kuta za silinda na kushukia kwenye oili. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20 za mwendo. Mtu wa Kilimani anayekwenda Yaya na kurudi huikatiza kila siku, nayo huanza upya kila siku.

Jifunze kuitambua: mzunguko wa injini ikiwa imesimama unapanda kutoka kama 750 hadi 900 au zaidi, mfumo wa injini kujizima kwenye taa za barabarani unagoma, namba ya ulaji wa papo hapo inapanda bila sababu, feni inaendelea kuvuma baada ya kuzima, na kuna harufu ya chuma cha moto. Ukiona hayo, usizime. Toka uelekee Southern Bypass, Thika Road au Expressway, ushike 70 hadi 80 kwenye gia inayoweka injini juu ya mizunguko 2,000, hadi dalili ziishe. Andika kilomita. Zikipita chini ya 150 kabla ya kuanza tena, kuna kitu kinachozalisha masizi: EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, uvujaji wa turbo, injekta, au thamostati iliyotajwa hapo juu. Rekebisha hicho kwanza.

Oili iwe ya majivu machache: ACEA C3 kwa magari ya Ulaya, JASO DL-1 kwa ya Kijapani, kama kitabu chako kinavyosema. Ile 15W-40 ya malori huacha majivu ambayo hakuna joto linaloyachoma. Hubaki ndani ya DPF daima.

Kuhusu kutoboa DPF: usifanye. Mbali na moshi unaowapulizia watu wanaosubiri matatu kando ya barabara, gari lililotobolewa bila programu kubadilishwa huendelea kumwaga dizeli ya kusafisha chujio ambalo halipo tena. Kuna magari mengi yanayokunywa zaidi baada ya "matengenezo" hayo.

Manifoldi iliyojaa kaboni, hasa kwenye Skyactiv-D za miaka ya mwanzo, hushushwa na kusafishwa ikiwa nje ya injini. Dawa za kupuliza injini ikiwa inawaka zinaweza kung'oa vipande vikakwama kwenye vali.

Kuirekebisha kompyuta yenyewe

Hii iwe ya mwisho, baada ya matanki matatu ya gari lililo sawa. Magari mengi ya Kijapani hayana mahali pa kubadilisha. Magari mengi ya Volkswagen ya miaka iliyopita yana kipengele cha masahihisho ndani ya mita, kinachofikiwa kwa skana, kati ya asilimia 85 na 115. BMW za kizazi cha E39 na E46 zina namba kwenye jaribio la 20 la menyu ya siri ya deshibodi, ambayo kiwandani ni 1000 hivi. Hesabu ni moja: chukua matumizi ya pampu kwa lita kwa kilomita 100, gawanya kwa yale ya kompyuta, zidisha kwa namba iliyopo. Pampu 7.5 na kompyuta 7.0, zidisha kwa 1000, unapata 1071. Andika namba ya zamani kwenye kitabu cha gari pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu atakayelinunua, au fundi atakayekuja baada yako, hawezi kuisoma tofauti kati ya kompyuta na pampu bila kujua kwamba imeguswa.